Idhini ya Kijiji, Ridhaa ya Mzazi na Neno la Kijana Mwenyewe

Tuseme yupo binti wa miaka 15 anayesoma kidato cha pili katika shule ya kata mkoani Mwanza. Baba yake ni mchimbaji mdogo huko Geita na hurudi nyumbani mara chache, mama yake aliolewa kwingine, na binti analelewa na bibi mzaa baba ambaye hakupata kukaa darasani. Wanafika watafiti wa afya ya vijana balehe. Wanataka kumuuliza maswali kuhusu mahusiano ya kimapenzi, kumtoa damu kidogo na kupima mkojo wake. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri wanayo, mtendaji wa kijiji amegonga muhuri, na mkuu wa shule amekwisha kuwatengea chumba cha mahojiano. Ni nani basi anayetakiwa kukubali kabla sindano haijamgusa binti huyu? Swali linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu, kwa sababu ndani yake yamefungwa maswali matatu tofauti, na makosa mengi ya utafiti wa vijijini huanza pale mtu anapojibu moja na kudhani yote yamekwisha.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kulifungua fundo hili, ingawa fomu nyingi huyachanganya maneno kana kwamba ni mamoja. Tunalo neno idhini na tunalo neno ridhaa. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: anayetaka kukata mti kwenye msitu wa kijiji huomba idhini, na anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara vilevile. Ridhaa hutoka kwa yule ambaye jambo linamfika, naye huitoa kwa kuwa ameridhia. Mtendaji wa kijiji ana uwezo wa kuidhinisha gari la watafiti liingie na kazi ifanyike katika eneo lake, lakini hana uwezo wa kuridhia damu ya mtoto wa mtu itolewe. Mzazi yuko katikati, kwa kuwa sheria inamtambua kuwa msemaji wa mwanawe na hapo hapo yeye siye atakayechomwa. Kuhusu neno la mtoto mwenyewe hatujapata istilahi moja iliyotulia. Wengine huandika ukubali wa mtoto, wengine ridhaa ya mtoto. Katika makala haya nitatumia ukubali, kwa maana ya neno la mtu ambaye sheria haijamruhusu kusaini peke yake, ingawa akili yake inaelewa anachoulizwa.

Mgawanyo huu una historia yake. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi, zilisema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni ya lazima kabisa, na kwamba mtu huyo awe na uwezo wa kisheria wa kuitoa. Zikifuatwa neno kwa neno, hakuna mtoto ambaye angeingia katika utafiti wowote. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani, lilifungua mlango kwa kumruhusu mlezi wa kisheria aridhie kwa niaba ya mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, ukaongeza kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa uzito unaolingana na umri na upevu wake. Mwongozo wa mwaka 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, ambao kamati nyingi za maadili zinazopitia na kuidhinisha tafiti hurejea kwake, unaunganisha yote mawili: mzazi atoe ruhusa, na mtoto akubali kwa kiwango cha uelewa wake. Mtoto akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe hata kama mzazi ameshakubali, isipokuwa pale anapohitaji tiba isiyopatikana nje ya utafiti huo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiachwe tu mpaka wafike miaka 18. Jibu ni kwamba dawa na chanjo zitatumika kwao hata hivyo, na bila utafiti zitatumika kwa kubahatisha. Utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi uliofanyika Mwanza uliwashirikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, kwa sababu huo ndio umri wa kuchanjwa, na hakuna mtu mzima ambaye angeweza kujibu kwa niaba yao swali la dozi ngapi zinatosha. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia kwenye dozi moja ya chanjo hiyo. Kuwaacha nje kabisa nako kunawagharimu.

Sheria zinazopishana

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Hapo binti wetu ni mtoto na mzazi ndiye mwenye kauli. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba masharti hayo yanakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Halafu ipo sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, iliyorekebishwa mwaka 2019 ili kijana wa miaka 15 aweze kupima virusi bila ruhusa ya mzazi. Hivyo msichana yule yule ni mtoto kwa sheria moja, aliweza kuwa mke kwa sheria ya pili, na kwa sheria ya tatu anaweza kuingia zahanati peke yake na kutoka na majibu yake mkononi.

Majirani nao wamejaribu kulitatua kwa njia zao. Kenya, katika sheria yake ya UKIMWI ya mwaka 2006, inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi au aliye katika hatari ya kuambukizwa aridhie kipimo yeye mwenyewe. Uganda imekwenda hatua ya ziada, kwani mwongozo wake wa utafiti wa mwaka 2014 unawatambua wazi walio chini ya miaka 18 ambao wameolewa, wana mimba, wana mtoto au wanajitegemea, na kuwaruhusu waridhie utafiti wenyewe.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watafiti wazoefu. Sheria inayomruhusu kijana apime kwa faida yake mwenyewe haimruhusu moja kwa moja aingizwe katika utafiti. Anayepima zahanati anatafuta jibu lake, ilhali katika utafiti ni mtafiti anayetafuta jibu la watu wengi kupitia mwili wa huyu mmoja, na huenda huyu mmoja asipate chochote. Kutoka jambo la kwanza kwenda la pili panahitajika uamuzi wa kamati ya maadili. Kwa Tanzania ni ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, pamoja na kamati za vyuo na taasisi nyingine. Kamati ndiyo yenye mamlaka ya kusema kwamba kwa utafiti huu mahususi, kumwomba mzazi ruhusa kutamweka kijana hatarini kuliko kumlinda, na kwa hiyo hitaji hilo liondolewe. Mwongozo wa CIOMS unatoa mifano: utafiti kuhusu tabia za kujamiiana, matumizi ya dawa za kulevya, au ukatili wa nyumbani ambamo mzazi mwenyewe anaweza kuwa ndiye mtenda. Mtafiti hawezi kujipa ruhusa hiyo akiwa uwandani kwa sababu tu baba hapatikani.

Mzazi ni nani

Turudi nyumbani kwa bibi. Fomu ina mstari ulioandikwa “jina la mzazi au mlezi”, na aliyeiandika huenda aliwaza nyumba yenye baba, mama na watoto wawili. Vijijini mtoto anaweza kuwa anakaa kwa shangazi kwa sababu shule iko karibu, kwa mjomba kwa sababu ya msiba, au kwa kaka aliyeoa. Anayemlisha na kumlipia sare si lazima awe ndiye ambaye ukoo unamtambua kuwa mwenye mtoto. Bibi atakuambia, kwa adabu kabisa, “Mimi namlea tu, mwenyewe ni baba yake.” Hapo hajakataa utafiti, na wala hajaukubali. Amekuonyesha tu kwamba umekosea mlango.

Watafiti waangalifu huamua mapema, tena kwa maandishi, ni nani atakayehesabiwa kuwa mlezi na ni wakati gani baba atafutwe kwa simu, mazungumzo yasikilizwe na shahidi asiye wa timu ya utafiti, na tarehe iandikwe. Wazembe humshika mtu mzima yeyote aliyepo, wakamwekea kidau cha wino.

Na hilo la wino lina uzito wake. Kwa watu wengi wa vijijini, karatasi inayotakiwa kuwekwa dole gumba ni karatasi ya kuuza shamba, ya mkopo, au ya polisi. Mzee anayesita kuweka dole huenda ameelewa utafiti vizuri kuliko kijana wa mjini anayesaini bila kusoma, ila anaogopa kitu ambacho karatasi hiyo inaweza kuja kusema baadaye asipokuwepo. Kumharakisha kwa kumwambia kwamba ni utaratibu tu ni kumdharau. Kwa asiyejua kusoma, shahidi anayejua kusoma ahudhurie maelezo yote tangu mwanzo. Kumwita mwishoni aje kusaini hakumfanyi shahidi wa lolote.

Kijiji kinachokubali bila vijana

Hakuna mtafiti anayefika kwa mtoto bila kupita kwa wakubwa, na ndivyo inavyopaswa. Huanzia mkoani, halmashauri, kwa mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, kisha kijijini kwa mwenyekiti na mtendaji, na vitongojini. Kenya njia hiyo hupitia kwa chifu na baraza. Anayeruka ngazi hizi hujikuta anaitwa mumiani, neno la zamani la pwani kwa wale waliodhaniwa kuwakamata watu na kuwanyonya damu, ambalo bado linaamka haraka pale wageni wenye mabomba ya sindano wanapoonekana wakizungumza na watoto peke yao. Mkutano wa wazi, ambao watu wanauliza damu inapelekwa wapi na nani atalipwa, ndio unaozima uvumi wa namna hiyo.

Tatizo huanza pale mkutano unapogeuzwa kuwa ridhaa. Mkutano mkuu wa kijiji Tanzania, kwa sheria, ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Vijana ambao ndio watakaotolewa damu hawamo. Mwenyekiti akisimama na kutangaza kwamba kijiji kimeupokea utafiti, baba aliyekaa nyuma anaona aibu kukataa jambo lililokwisha kupokelewa, na mtoto wake anaona aibu maradufu. Idhini ya juu inashuka kama amri.

Shuleni mambo ni magumu zaidi. Mwalimu anayeingia darasani na kusema wafuatao watoke waende kwa wageni ameshaifanya kazi yote ya ridhaa kwa sentensi moja, kwa kuwa mwanafunzi hajazoea kuulizwa kama anapenda. Kwa sababu hiyo naona chumba cha mkuu wa shule ni mahali pabaya kuliko pote pa kumwomba kijana akubali, ingawa ndicho chumba chenye meza na faragha. Mti ulio nje ya uzio una faragha ya aina nyingine.

Zipo pia barua zinazotumwa nyumbani kupitia wanafunzi, zikisema mzazi asiyetaka mtoto wake ashiriki arudishe jibu, na asiyejibu atahesabiwa amekubali. Njia hii ni rahisi na nafuu. Lakini barua nyingine huishia kwenye begi, nyingine husomwa na mtoto huyo huyo kwa mzazi asiyejua kusoma, naye husoma anachopenda. Katika mila za posa tunajua habari ya mwali kuulizwa na walii wake, na kimya chake kuchukuliwa kuwa ameridhia. Ila hapo kuna anayeuliza ana kwa ana, kuna uso wa kutazama, na kuna shangazi atakayejua kama kimya hicho ni cha haya au cha kilio. Kimya cha barua iliyopotea njiani hakina hata kimoja kati ya hivyo, na sioni namna ya kukihesabu kuwa ridhaa kwa jambo linalohusu damu.

Vijana wenyewe wana namna yao ya kukataa, na wengi hawatatamka neno hapana mbele ya mtu mzima mgeni aliyekuja na mwalimu. Watakubali, kisha siku ya miadi watakuwa wamekwenda shamba. Watafiti wanaofanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome la Uingereza kimekuwapo tangu mwaka 1989, walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa ukataaji huu wa kimya katika familia za pwani, na wakaufungamanisha na methali ambayo kila Mswahili anaijua: akufukuzaye hakwambii toka. Mfanyakazi wa utafiti aliyezaliwa hapo hapo huielewa ishara siku ya kwanza. Lakini anapimwa kwa idadi ya waliofikiwa, kwa hiyo hurudi mara ya pili na ya tatu, na anayefuatwa mara tatu na jirani yake huishia kukubali ili mambo yaishe. Fomu yake itaonekana safi kuliko zote.

Maneno yanayopotoka njiani

Kutafsiri fomu kwa Kiswahili ni nusu ya kazi, na kwa Msukuma au Mgiriama aliye mbali na barabara huenda isifike hata nusu. Chukua neno jaribio. Kwa mtaalamu ni utaratibu wa kulinganisha tiba mbili, lakini kwa msikilizaji “kufanyiwa majaribio” ni kufanywa panya. Chukua dawa isiyo na kiungo cha tiba, ambayo hupewa kundi la ulinganisho. Ukiiita dawa bandia, umetumia neno lile lile linalosikika redioni pale mamlaka zinapokamata dawa za kughushi, na mzazi ana haki ya kukasirika. Ugawaji wa nasibu, yaani kuwapanga washiriki katika makundi kwa bahati tu, huelezwa vizuri kwa mfano wa kurusha sarafu, ila wapo wanaoudhika kusikia kwamba afya ya mtoto wao itaamuliwa kwa sarafu, na kuudhika huko ni dalili kwamba wameelewa. Njia bora ninayoijua ya kupima uelewa ni kuacha kuuliza “umeelewa?”, kwa kuwa jibu ni ndiyo siku zote, na badala yake kumwomba mtu asimulie kwa maneno yake atafanyiwa nini, mara ngapi, na nini kitatokea akiacha katikati.

Tafiti nyingine zinagawa vijiji vizima badala ya mtu mmoja mmoja. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoani Mwanza, ulihusisha jamii 20 za vijijini, nusu zikapangiwa kwa nasibu elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana, na vijana 9,645 wakafuatiliwa. Ujuzi na mitazamo iliboreka, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonyesha upungufu wa wazi wa maambukizi ya magonjwa ya zinaa. Katika utafiti wa namna hii mwanafunzi hawezi kujitoa kwenye somo linalofundishwa darasa zima. Kinachobaki mikononi mwake ni kukataa kupimwa na kuhojiwa, na fomu inapaswa kumwambia hivyo waziwazi badala ya kuahidi uhuru ambao haupo.

Siri, na mipaka yake

Hapa ndipo ukubali wa binti wetu unapopimwa kwa kweli. Mkojo wake utapimwa mimba, kwa kuwa dawa na chanjo nyingi hazitolewi kwa mjamzito katika utafiti. Majibu yakiwa ndiyo, nani aambiwe kwanza? Bibi ameweka dole, na anaamini kwamba aliyeombwa ruhusa ana haki ya kujua. Mpaka mwaka 2021 mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na ingawa waraka wa Novemba mwaka huo ulimruhusu arudi, hofu haiondolewi kwa waraka. Tena, kwa sheria ya Tanzania kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30, na kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali. Swali la dodoso linalomuuliza kijana wa kiume wa miaka 17 alianza lini mahusiano linamwomba, bila kumwambia, akiri jambo linaloweza kuwa kosa la jinai.

Kwa hiyo mambo haya husemwa kabla ya swali la kwanza, kwa mzazi na kwa kijana wote wawili, na ikiwezekana wakiwa pamoja: majibu ya vipimo gani yatabaki kwa kijana, yapi yatafika kwa mzazi, na ni hali gani, kama vile kubakwa au kutaka kujidhuru, itakayomlazimu mtafiti kuvunja siri na kutafuta msaada. Mzazi anayeambiwa mapema kwamba hatapewa majibu anaweza kukataa, na hiyo ni haki yake. Anayeambiwa baadaye amedanganywa. Hata nakala ya fomu, ambayo mshiriki hupewa aende nayo, inaweza kumsaliti, kwani karatasi yenye kichwa cha habari cha VVU iliyokutwa chini ya godoro na kaka mkubwa haihitaji maelezo zaidi. Kijana aulizwe kama anataka kuichukua au itunziwe kituoni.

Kuhusu malipo nitasema machache. Nauli irudishwe, na muda uliopotea ufidiwe kwa kiasi ambacho viongozi na kamati wamekubaliana, kisichomfanya mzazi amsukume mtoto kwa ajili ya pesa. Zito zaidi ya nauli ni tiba yenyewe: pale zahanati ya kijiji imeishiwa dawa na kliniki ya utafiti inazo, kujiunga kunaacha kuwa hiari kamili, hata fomu ikirudia neno hiari kila ukurasa.

Tukichukulia kwamba yote yamefanyika sawasawa, bibi akaelewa, baba akapatikana kwa simu, na binti akasimulia utafiti kwa maneno yake na kusema yuko tayari, bado kazi haijaisha. Utafiti wa miaka minne utamkuta akitimiza 18, na siku hiyo ridhaa ya baba yake inakoma. Anatakiwa kuulizwa upya, safari hii kama mtu mzima, kuhusu mahojiano yaliyobaki na pia kuhusu damu yake iliyohifadhiwa kwenye jokofu, ambayo huenda imekwisha kusafirishwa kwenda maabara ya nje kwa mkataba ambao hajawahi kuuona. Akisema hapana, sampuli zake ziteketezwe, na timu iwe imeandika tangu mwanzo ni nani atakayefungua jokofu hilo na kuzitoa.